Mng'ao na Rangi ya Sukari juu ya Biskuti

Huenda msomaji amejiuliza kwa nini sukari iliyopakwa biskuti hupoteza mng'ao ikikauka. Maji yapungukapo, sukari hurudia hali ya fuwele, nazo huutawanya mwanga. Kwa kikombe 1 cha sukari ya unga na vijiko vidogo 2 vya maziwa, ongeza vijiko vidogo 2 vya shira ya glukosi. Hiyo huzuia fuwele zisikue.

Rangi ina mitego zaidi. Wekundu wa rosela hukolezwa na ndimu, lakini magadi huugeuza samawati. Manjano hupauka juani. Wako wanaotamani rangi ya ukili kwa uimara wake. Hasha! Baadhi ya rangi za namna hiyo huweza kuleta saratani. Tumia iliyoandikwa kuwa ya vyakula.