Hitilafu si Kosa: Somo Nililolipata Kimbo

Walimu wenzangu wa Fasihi Simulizi wanajua kwamba siku hizi mwanafunzi haendi nyanjani na kalamu na daftari pekee. Huenda na simu au kamera, akarudi na vipande vingi vya video, na kazi ngumu huanzia hapo.

Nami yalinifika. Nilikuwa nimerekodi ngano za ajuza mmoja, nikapeleka vipande hivyo kwa kijana mwenye studio ndogo pale Kimbo, ukishaupita mji wa Ruiru kuelekea Thika. Kabla kazi haijakamilika, bibi yule aliaga dunia. Kadi ya kamera ilikuwa imekwisha kufutwa ili irekodi harusi, na ngano zote zilibaki ndani ya diski moja tu ya flashi.

Nilimkuta kijana amechoka. Kuhariri alikuwa amemaliza. Kilichomshinda ni ile hatua ya mwisho anayoiita "kurenda", yaani tarakilishi kuunganisha picha, sauti na maandishi yawe faili moja. Si kazi haba: kwa fremu 25 kila sekunde, video ya saa moja ina fremu 90,000, na kila moja sharti itayarishwe. Mara tatu mtambo ulikuwa umefika asilimia 91 ukakoma, ukatangaza kwa Kiingereza kwamba faili haikuweza kuandikwa.

"Mwalimu, sijui nimekosea wapi," akaniambia. Tayari kishale kilikuwa juu ya amri ya kufomati ile flashi. Laiti angebonyeza!

Neno lake ndilo lililonishtua. Kosa humtafuta mkosaji. Neno lifaalo hapa ni hitilafu, tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni tofauti, hali ya kutoafikiana. Swali basi si nani amekosea, bali ni vitu gani viwili visivyopatana.

Nikamwuliza kama mtambo hukoma pale pale kila mara. Akakubali. Jibu hilo pekee liliondoa dhana nyingi. Mtambo uliopata joto kupita kiasi, au umeme unaoyumbayumba, hukatiza kazi popote. Unaokoma mahali pamoja hushukiwa kuwa umekutana na kipande kilichoharibika au umegonga kikomo fulani. Tukaigawa kazi nusu mbili, tukaziandika kwenye flashi ile ile. Zote zikakamilika, kila moja gigabaiti 2.2 hivi. Vipande, kumbe, vilikuwa vizima.

Kilichobaki ni ukubwa. Flashi ilikuwa imepangwa kwa FAT32, mfumo ulioingia katika Windows 95 mwaka 1996, nao haupokei faili moja inayotimiza gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele. Kijana alikuwa ameona gigabaiti 16 tupu, akaamini kwamba nafasi haikuwa tatizo. Tukaielekeza faili kwenye diski ya ndani ya tarakilishi, ikapita. Mfumo wa exFAT, wa mwaka 2006, hauna kikomo hicho cha gigabaiti 4, lakini kuufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo tulinakili ngano kwanza.

Kijana huyu si mjinga. Alifundishwa mahali pa kubonyeza, hakufundishwa kuuliza. Na asitokee mtu kudai kwamba Kiswahili hakiyawezi mambo haya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ambayo amri zake ni za Kiswahili. Sisi wasomi tumebishana miaka na mikaka kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi (nami ni mmoja wa wabishi hao), ilhali mwanafunzi hatujampa maneno ya kuielezea mashine inapomkwamia.

Wanafunzi wangu wameitazama video hiyo. Katika ngano ya tatu jogoo anawika nyuma ya bibi. Kijana alitaka kuiondoa sauti hiyo, nikamkataza.