Kwa nini sato dume humjeruhi jike ndani ya tangi, na namna ya kuzuia

Jike wa sato mwenye mapezi yaliyochanika, magamba yaliyobanduka ubavuni, na anayejibanza kwenye kona karibu na uso wa maji, mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mgonjwa. Dawa hutafutwa, maji hubadilishwa, na baada ya siku chache samaki hufa. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo si ugonjwa. Ni dume aliyewekwa pamoja naye mahali ambapo jike hana pa kukimbilia.

Suala hili lina uzito wake kusini magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958. Leo wanaishi humo watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na umepunguzwa tena zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Familia inayotafuta kitoweo na kipato kingine mara nyingi ina kipande kidogo tu cha ardhi. Tangi au bwawa dogo la samaki linaweza kuenea hapo. Tatizo ni kwamba udogo huohuo wa mahali ndio unaochochea ugomvi kati ya dume na jike.

Ziwani jike huondoka

Sato, ambaye katika masoko ya Uganda huitwa ngege, ana desturi maalumu ya kuzaana. Dume huchimba shimo la mviringo chini ya maji, hulilinda dhidi ya madume wengine na kuwavuta majike kwa kuwachezea. Jike aliye tayari hutaga mayai shimoni, dume huyarutubisha, kisha jike huyakusanya kinywani mwake na kuondoka. Huyaatamia humo hadi yaanguliwe, na huendelea kuwahifadhi vifaranga kwa siku kadhaa zaidi. Muda wote huo hula kidogo sana au hali kabisa. Dume hana sehemu katika malezi hayo. Hubaki kwenye eneo lake akisubiri jike mwingine.

Katika ziwa kama Nakivale, jike ambaye hajaiva mayai, au ambaye tayari amebeba mayai kinywani, huogelea mbali na eneo la dume na ugomvi huishia hapo. Ndani ya tangi, kila upande ni eneo la dume. Jike asiye tayari huchukuliwa kama mvamizi. Hufukuzwa, hugongwa na kuumwa mchana kutwa. Kwa kuwa dume wa sato hukua haraka kuliko jike, tofauti ya miili huongezeka kadiri miezi inavyopita, na kila shambulio huleta jeraha kubwa zaidi.

Sato si peke yake katika tabia hii. Taa wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, ambao asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini na ambao hufugwa katika matangi ya maonyesho, wana kisa kinachofanana. Dume humng'ata jike kwenye ukingo wa mwili wakati wa kujamiiana, na wafugaji hulazimika kuwatenganisha majeraha yanapozidi.

Baridi ya nyanda za juu

Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake huwa na ubaridi. Sato huanza kutaga maji yanapofikia nyuzi joto 24 hivi. Katika tangi lililo kivulini au bwawa linalopoa usiku, majike huchelewa kuiva. Mfugaji aliyewaweka pamoja mapema, kwa matumaini ya kupata vifaranga haraka, huishia kuwa na majike wasio tayari ndani ya eneo la dume.

Ubaridi huo pia hufanya vidonda vichelewe kupona. Ngozi iliyochubuka hushambuliwa na kuvu, ambayo huonekana kama pamba nyeupe juu ya kidonda. Hapo ndipo wengi hugundua tatizo, wakati mara nyingi limekwisha kuwa kubwa.

Hasara yake hupimika. Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, jike wa gramu 100 hutaga takriban mayai 100 kwa mkupuo, na jike wa gramu 600 hadi 1,000 anaweza kutaga mayai 1,000 hadi 1,500. Kwa mwenye majike watano tu, kifo cha mmoja ni sehemu ya tano ya vifaranga alivyovitarajia.

Hatua za kuzuia

Hatua ya kwanza ni kutambua jinsia kwa uhakika. Samaki hugeuzwa tumbo juu kwa mikono iliyoloweshwa. Dume ana matundu mawili: la haja kubwa, na moja la pamoja la mkojo na mbegu. Jike ana matatu, kwa kuwa mayai yana tundu lake. Makosa katika hatua hii huweza kuweka madume wawili ndani ya tangi linalotosha mmoja.

Ya pili ni uwiano. Kwa kawaida dume mmoja huwekwa na majike wawili au watatu. Jike mmoja akiwa peke yake na dume, hubeba mashambulizi yote. Wakiwa watatu, hugawanyika.

Ya tatu ni ukubwa. Dume asichaguliwe kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote. Anayelingana na majike, au aliyewazidi kidogo tu, huleta mayai yaleyale kwa majeraha machache.

Ya nne ni kuwatenganisha kabla na baada. Madume na majike hulishwa vizuri katika sehemu tofauti, na hukutanishwa pale tu majike wanapokuwa na matumbo yaliyojaa na maji yakiwa na joto la kutosha. Baada ya kutaga, jike hupumzishwa bila dume kwa siku 10 hadi 20 ili arudishe mwili uliopungua alipokuwa hali.

Ya tano ni maficho. Vipande vya bomba pana, matofali yaliyopangwa kwa nafasi, au wavu unaogawa tangi na wenye matundu ya kupita jike mdogo lakini si dume, humpa jike mahali pa kukwepa. Maficho yakiwa moja tu hayasaidii, kwa sababu dume hulilinda nalo pia.

Ya sita inahusu maji. Uchunguzi wa perege wa Msumbiji, ndugu wa karibu wa sato, umeonyesha kuwa dume mwenye mamlaka hutoa ishara za kikemikali kupitia mkojo, na wenzake huzitumia kumtambua. Majaribio kwa samaki wengine wa jamii hiyo yameonyesha kuwa kubadilisha maji mengi kwa mara moja huongeza ugomvi. Kwa hiyo ni afadhali kubadilisha sehemu ndogo ya maji mara kwa mara.

Katika baadhi ya vituo vikubwa vya kuzalisha vifaranga, mdomo wa juu wa dume hupunguzwa ili asiweze kuuma kwa nguvu. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, na haifai kujaribiwa nyumbani kwa wembe.

Asiyehitaji vifaranga

Mfugaji anayetaka samaki wa kula au wa kuuza tu anaweza kuliepuka suala hili lote. Vituo vya kuzalisha vifaranga huuza vifaranga ambao karibu wote ni madume, waliolishwa homoni kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo wa maisha yao. Hukua kwa kasi, na bwawa halijai watoto wadogo wasiouzika. Ushauri kuhusu mbegu bora unapatikana kwa maofisa uvuvi wa wilaya. Shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, lina taasisi yake ya kanda mjini Mbarara na kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki huko Kajjansi, kusini mwa Kampala.

Kwa anayezalisha vifaranga mwenyewe, kinga ya uhakika ni kuangalia tangi kila asubuhi kabla ya kulisha. Jike anayejitenga kona moja, asiyekuja kwenye chakula na ambaye kinywa chake hakina mayai, anapaswa kuondolewa siku hiyohiyo. Akingojwa hadi kidonda kionekane, huwa amekwisha kuumwa kwa siku kadhaa.