Gofu ya hisani inapogeuka ngazi ya ubora duniani

WANAGOFU 20 pekee ndio hualikwa katika uwanja wa Albany nchini Bahamas kila Desemba kuwania taji la Hero World Challenge, mashindano ya hisani yanayoandaliwa na Tiger Woods wa Marekani. Asiyealikwa hana njia ya kufuzu, na aliyealikwa hacheleI kutemwa baada ya raundi mbili, kwani hakuna mchujo.

Hisani iko wapi basi, ikiwa mshindi wa 2024 alitia kibindoni dola milioni moja?

Zawadi hutoka kwa mdhamini, ambaye tangu 2014 ni kampuni ya pikipiki ya Hero MotoCorp kutoka India, na mchezaji huenda nayo nyumbani. Kinachofikia wahitaji ni mapato ya mashindano yenyewe, zikiwemo fedha za wafadhili na za wale wanaolipa ili kucheza siku moja pamoja na mabingwa. Mapato hayo huenda kwa wakfu ulioanzishwa 1996 na Woods na marehemu babake, Earl. Mnamo 2006 wakfu huo ulifungua kituo mjini Anaheim, California, ambako watoto wa familia zisizojiweza hufunzwa sayansi na teknolojia.

Hadi hapo hakuna wa kulalamika. Utata ulizuka 2009, mashindano hayo yalipoanza kutoa alama za viwango vya ubora duniani, alama ambazo humfungulia mchezaji milango ya mashindano makuu.

Mfano wa wazi ni wa Woods mwenyewe. Mnamo Desemba 2011, akiwa hajashinda taji lolote kwa miaka miwili, alimpiku Zach Johnson kwa mkwaju mmoja katika uwanja wa Sherwood, California. Alikuwa nambari 52 duniani; akapaa hadi 21 kwa kuwashinda wapinzani 17 tu, katika mashindano yake mwenyewe. Zawadi yake aliikabidhi wakfu, lakini alama alibaki nazo.

Mnamo Agosti 2022 hesabu ya viwango hivyo ilibadilishwa, na mashindano yenye wachezaji wachache yakapunguziwa uzito. Scottie Scheffler, aliyetwaa taji hilo 2023 na 2024, hakuzihitaji sana alama hizo: mara zote mbili alifika Bahamas akiwa tayari nambari moja duniani.