Ngozi ikikauka, inakosa nini?

Mjomba alistaafu kazi ya ulinzi miaka mingi iliyopita. Bastola aliikabidhi siku ileile, ila holsta, ule mfuko wa ngozi unaovaliwa kwenye mkanda, ilibaki kabatini. Juzi kaitoa. Imekakamaa kama ubao, mdomoni ina nyufa, na kwenye vifungo vya shaba kuna uchafu wa kijani.

"Wewe si ndiye unayesoma kemia? Haya mpwa wangu, ilainishe." Mkononi alishika chupa ya mafuta ya alizeti. Nikamwomba aiweke chini kwanza.

Ngozi ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zimesokotana kama kamba ya katani. Ngozi mbichi ikikauka, nyuzi hizo hugandana, ndiyo maana ngozi ya ngoma ni ngumu vile. Holsta nyingi za zamani zilitengenezwa kwa tanini, kemikali inayopatikana kwenye magome ya miti kama miwati na mikoko. Tanini hujishika kwenye kolajeni ili isioze. Halafu fundi huingiza mafuta katikati ya nyuzi ili ziteleze. Miaka ikipita mafuta hupungua na kuharibika, unyevu nao unapungua, nyuzi zinaanza kusuguana. Ukikunja, zinakatika. Ufa unaouona ni nyuzi zilizokwisha kukatika, na hakuna mafuta duniani yanayoziunga tena. Hilo nilimwambia mapema asije akanilaumu.

Sasa, kwa nini si alizeti? Angalia chupa ya mafuta jikoni inavyonata kwa nje. Molekuli za mafuta hayo zina sehemu nyingi ambazo oksijeni hujishikiza, kisha zinaungana na kuwa gundi. Hutaki hiyo ndani ya ngozi. Ya nazi hayanati hivyo, lakini huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na kwenye baridi yanaweza kutokeza juu kama vumbi jeupe. Wengi hudhani ni ukungu. Weka kiganja chenye joto: mafuta yatayeyuka, ukungu utabaki.

Mafuta ya jadi kwa kazi hii hutoka kwenye mifupa ya miguu ya ng'ombe. Miguu ya mnyama hupoa kuliko tumbo lake, kwa hiyo mafuta yake hubaki majimaji hata kwenye ubaridi. Kumbe ng'ombe alishatatua tatizo letu!

Tatizo kubwa zaidi ni kipimo. Kiatu unaweza kukilainisha upendavyo, holsta hapana. Ilifinyangwa ikiwa imelowa ili ifuate umbo la bastola, na ugumu wake ndio usalama wake. Ukiizamisha kwenye mafuta, mdomo unalegea, na mkunjo wa ngozi unaweza kuingia mbele ya kifyatulio mtu anaporudisha silaha. Watu wamejipiga risasi mguuni hivyo. Ingekuwa mjomba bado yuko kazini, ningemwambia anunue nyingine.

Tulianza na brashi kavu, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, ikakauka kivulini. Usiipeleke karibu na jiko: ngozi ya tanini ikiwa imelowa husinyaa moja kwa moja ikifika nyuzi joto 70 na kitu, na iliyochakaa husinyaa kabla ya hapo. Ule ukijani ni sabuni kabisa, asidi za mafuta zilizoungana na shaba. Tuliutoa kwa kijiti cha meno. Kisha mafuta, tone dogo kwenye kitambaa, kwanza sehemu iliyojificha kwa sababu rangi hukolea. Tabaka jembamba, siku nzima ya kusubiri, tabaka la pili. Basi.

Kama ngozi inaacha unga mwekundu kidoleni, acha. Hapo asidi imekula kolajeni yenyewe, na mafuta yataifanya nyeusi tu.

Holsta ya mjomba sasa inapinda kidogo bila kulia. Nyufa zipo palepale. Tumeijaza karatasi ishike umbo na kuitundika penye hewa, mbali na mfuko wa plastiki. Akauliza kama anaweza kuhifadhi kisu chake humo. Hapana mjomba: ngozi ya tanini ina asidi na huvuta unyevu, chuma kitapata kutu.