Mwalimu Chamberlain na jeraha la nusu karne

Mwaka 1862, Chuo cha Bowdoin katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, kilimpa mwalimu wake wa lugha ruhusa ya miaka miwili akasome Ulaya. Joshua Lawrence Chamberlain aliipokea ruhusa, lakini meli hakuipanda. Alikwenda kwa gavana kuomba apelekwe vitani.

Majimbo ya Kusini yalikuwa yamejitenga ili kuulinda utumwa, na nchi ilikuwa ikichinjana. Chamberlain alikuwa na miaka 33, mke na watoto wadogo. Utotoni alisumbuliwa na kigugumizi. Ukubwani akawa mwalimu wa ufasaha wa kusema. Gavana alipotaka kumpa ukanali, alikataa, akaomba aanzie chini kidogo ajifunze kwanza. Akawa luteni kanali wa Kikosi cha 20 cha Maine, na jioni alikaa kama mwanafunzi mbele ya mkuu wake, Kanali Adelbert Ames, mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point.

Somo gumu alilipata kwenye mapigano ya Fredericksburg, Desemba 1862. Usiku wa baridi kali alilala uwanjani katikati ya maiti, akijikinga kwa miili ya waliokufa.

Jina lake lilivuma kwenye mapigano ya Gettysburg, Julai 2, 1863. Akiwa sasa kanali, aliwekwa na askari wasiofika 400 mwisho kabisa wa mstari wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, kwenye kilima cha Little Round Top. Amri ilikuwa moja: asibanduke, kwani akibanduka adui atapita nyuma ya jeshi zima. Kikosi cha 15 cha Alabama, cha jeshi la Kusini, chini ya Kanali William Oates, kilipanda kilima, kikarudishwa, kikapanda tena. Risasi za Maine zikawa zinaisha. Chamberlain akaamuru singe, na watu wake wakateremka mbio, ubavu wa kushoto ukiwazoa adui miongoni mwa miti na mawe.

Riwaya na filamu zimeikuza siku hiyo. Lakini Oates naye ana lake la kusema. Askari wake walikuwa wametembea takriban kilomita 40 kabla ya kuanza kupigana, na wenzao 22 waliotumwa na chupa kuteka maji walitekwa kabla ya kurudi. Siku ile, kiu nayo ilipigana upande wa Maine.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 18, 1864, huko Petersburg, risasi ilimwingia Chamberlain nyonga ya kulia ikapita hadi ya kushoto. Alichomeka upanga ardhini, akauegemea ili askari wampite bila kumwona akianguka. Madaktari walikata tamaa. Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Muungano, akampandisha kuwa brigedia jenerali kama zawadi ya mtu anayekufa, na magazeti yakachapa tanzia yake. Novemba alikuwa amerudi kazini.

Aprili 12, 1865, huko Appomattox, alikabidhiwa kazi ya kuwapokea askari wa Kusini waliokuja kuweka silaha chini. Kwa kumbukumbu zake, aliwaamuru watu wake wawape saluti. Jenerali John Gordon, aliyekuwa amepanda farasi mbele ya walioshindwa, akaijibu heshima hiyo kwa upanga wake. Wapo wa Kaskazini waliomlaumu Chamberlain. Hakuomba radhi.

Baada ya vita alichaguliwa gavana wa Maine mara nne, kisha akawa mkuu wa Chuo cha Bowdoin hadi 1883. Mwaka 1893 alitunukiwa Medali ya Heshima kwa ajili ya Little Round Top. Watu walimwona jukwaani, masharubu meupe, sauti imetulia. Wachache walijua kwamba jeraha la Petersburg halikufunga. Lilitunga usaha, likampandisha homa, likampeleka tena na tena kwa wapasuaji, na kukojoa kukawa kwake mateso ya kila siku.

Alifariki Portland, Februari 24, 1914, akiwa na miaka 85, kwa maambukizi yaliyotokana na jeraha hilo hilo. Vita vilikuwa vimekwisha karibu miaka 49 kabla. Tunapowahesabu waliouawa na vita, basi, tusifunge daftari siku silaha zinapowekwa chini.