Wanafunzi wa Chuo Kikuu Wakija Mtoni: Kikundi Kifanye Nini?



Katika vikundi tunavyotembelea, tunasikia malalamiko ya namna moja. Vijana wa chuo kikuu walikuja na kamba, mabomba na daftari. Walisema wametumwa na mhadhiri wao. Kikundi kikawapa mtu wa kuwaonyesha njia, kina mama wakawapikia chai, wakapima mto siku kadhaa, wakaenda. Halafu watu wakabaki kuulizana: "Hawa walikuwa wanapima nini? Na sisi tumepata nini?"

Kwa hiyo mara hii tunaeleza kazi hiyo ni ya namna gani, ina faida gani, na kikundi kipatane nini na wageni hao kabla hawajaanza.

KAZI YA MWANAFUNZI NI IPI?

Mhadhiri huwa na swali moja kubwa linalochukua miaka. Tuseme anataka kujua bwawa la mchanga linaweka maji kiasi gani, na kwa muda gani. Yeye anafundisha darasani, hawezi kukaa mtoni miezi sita. Basi swali hilo hukatwa vipande, kama tunavyogawana kazi kwenye mwethya: huyu anachimba, yule anabeba mawe, mwingine anachanganya simiti. Mwanafunzi mmoja hupima kina cha maji, wa pili huchunguza mchanga, wa tatu huchora ukuta au hutengeneza kifaa. Kila mmoja huandika ripoti yake na kupewa alama. Mhadhiri ndiye anayeunganisha vipande vyote.

Kwa hiyo mwanafunzi hakuja kuleta mradi wala pesa. Amekuja kujifunza na kuleta kipande kimoja cha jibu. Kikundi kikijua hivyo tangu mwanzo, hakitangojea asichokuwa nacho, na kitajua cha kumdai.

MFANO WA JIRANI ZETU WA KITUI

Bwawa la mchanga wengi wetu tunalijua. Ni ukuta wa mawe na simiti unaokata mto wa msimu, ukishika kwenye mwamba chini na kandokando. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi.

Katika miaka ya 1990 shirika la SASOL lilianza kujenga mabwawa haya huko Kitui pamoja na wananchi, na baadaye yakapita 500. Wanafunzi wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, Uholanzi, walikuja kupima katika bonde la mto Kiindu, na ripoti yao ilitoka mwaka 2006. Walisimamisha mabomba yenye matundu ndani ya mchanga na kwenye kingo za mto, wakawa wanapima maji yamefika wapi ndani ya kila bomba.

Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini ilisaidia kujibu mambo mawili ambayo watu hugombania. Kwanza, maji hayakai kwenye mchanga wa mto peke yake. Yanaingia pia kwenye kingo, na baadaye yanarudi polepole wakati wa kiangazi. Pili, bwawa hushika sehemu ndogo tu ya maji yote ya mafuriko. Mengi hupita juu ya ukuta na kuendelea. Kikundi kinacholaumiwa na majirani wa chini kwamba kimewafungia mto kinaweza kujibu kwa vipimo badala ya kelele. Mwaka 2007 wahadhiri wa chuo hicho pamoja na watu wa SASOL walichapisha hesabu za jinsi mabwawa ya Kitui yatakavyofanya kazi hali ya hewa ikibadilika.

SWALI LA UKUTA

Kuna swali jingine linalogusa mfuko wa kila kikundi. Je, ukuta ujengwe mara moja hadi juu, au upandishwe kidogo kidogo kila baada ya mvua? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Hamburg, Ujerumani, walieleza kwamba mabwawa mengi waliyoyapima upande huu wa kusini-mashariki mwa Kenya yalikuwa na matope laini mengi. Walishauri ukuta upandishwe kwa hatua, ili matope yapite juu na mchanga wa chembe kubwa ubaki. Wajenzi wengine hujibu kwamba kurudi mtoni mara tatu au nne ni gharama, na watu huchoka. Wanasema mto wenye mchanga mzuri hauhitaji hatua.

Kwa hiyo ni lazima kuujua mchanga wa mto wenyewe. Nyinyi wenyewe mnaweza kuanza:

Chukueni debe la lita 20, mtoboe tundu chini na kuliziba. Jazeni mchanga mkavu hadi juu. Mimina maji lita moja moja mpaka yaonekane juu. Halafu zibueni tundu na mpime maji yanayotoka, bila haraka. Mchanga wa chembe kubwa hutoa karibu lita 7. Matope laini hutoa kama lita 1 tu, mengine yote hung'ang'ania ndani. Yaani kikundi kinaweza kutoa jasho lile lile na simiti ile ile, kikavuna maji mara saba pungufu.

Hesabu hiyo inafaa pia lori la mchanga likija. Kila mita moja ya ujazo ya mchanga mzuri inayochukuliwa ni nafasi ya lita kama 350 za maji. Kaunti yetu ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na vipimo vilivyoandikwa husaidia mnapoenda kulalamika.

MAMBO YA KUPATANA KABLA YA KAZI

1. Waonyeshe barua ya chuo yenye jina la mhadhiri. Utafiti wenyewe hutakiwa kuwa na kibali cha NACOSTI. Chifu au mzee wa kijiji ajue.

2. Waeleze swali lao mbele ya mkutano, kwa Kikamba au Kiswahili rahisi, hadi hata wazee waelewe.

3. Kikundi nacho kitoe swali lake. Kwa mfano: "Mchanga wetu ni wa namna gani?"

4. Vijana wawili wa kikundi, mvulana na msichana, wafundishwe kupima. Bomba moja libaki mtoni.

5. Kabla ya kuondoka, vipimo vyote vinakiliwe kwenye kitabu cha katibu. Msingoje ripoti ya posta.

6. Mashimo yafukiwe. Picha zipigwe kwa ruhusa.

7. Mchoro wa mwanafunzi ni kazi ya kujifunza. Msinunue hata mfuko mmoja wa simiti kabla mhandisi na ofisi ya maji ya kaunti hawajaukagua.

DAFTARI LIENDELEE

Mwanafunzi hukaa msimu mmoja, na msimu mmoja hauwezi kusema habari za miaka kumi. Hapo ndipo kikundi kinamzidi, kwa sababu nyinyi mko hapo kila siku. Kila Jumamosi mtu ateremshe kamba kisimani, apime kutoka mdomo wa kisima hadi maji yalipo, aandike tarehe na kipimo. Mhadhiri atakayekuja baadaye atakuta nyinyi ndio wenye habari, na mtapatana naye mkiwa sawa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji apatane na mgeni mapema, akiwa na kitabu mkononi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

- Ni nani waliwahi kuja kupima kwetu, na vipimo vyao viko wapi?
- Debe letu la mchanga limetoa lita ngapi?
- Ni nani atashika kamba na daftari kuanzia Jumamosi hii?