GTX 1650 AU RX 570? FUNGUA KOMPYUTA YAKO KWANZA, NDIO UCHAGUE



Kama unataka kufungua kibanda cha gemu, au unahariri video za harusi na mtaji ni wa kuungaunga, ukifika kwa wauza kompyuta za mtumba utaulizwa tu: "Nikupe GTX 1650 au RX 570?" Mimi kazi yangu ni kuunga mashine za wafanyabiashara wadogo, na swali hili haliishi. Leo nalijibu kwa kirefu, maana ukichagua kadi ya grafiki isiyoendana na mashine yako, pesa ya kikoba inalala kabatini.

Tuanze na namba.

👉 RX 570 ni ya AMD, ilitoka Aprili 2017. Ina viini vya kuchakata 2,048 na memori ya GB 4 (za GB 8 pia zipo). Njia ya memori ni biti 256, inapitisha data GB 224 kwa sekunde. Umeme: wati 150.

👉 GTX 1650 ni ya NVIDIA, ilitoka Aprili 2019. Viini 896, memori GB 4, njia ya biti 128, data GB 128 kwa sekunde. Umeme: wati 75.

Hapo wengi wanasema, "Basi RX 570 ndio baba lao!" Taratibu. Viini vya AMD na vya NVIDIA havijatengenezwa sawa, huwezi kuvihesabu kama mayai kwenye trei. Kwenye majaribio ya gemu ya mwaka 2019, RX 570 ilitangulia kweli, ila mara nyingi ni kwa asilimia 10 hivi au zaidi kidogo. Yaani gemu ikikupa fremu 60 kwa sekunde kwenye GTX 1650, kwenye RX 570 tarajia 66 mpaka 70. Mtoto aliyelipia mechi moja ya mpira hata hajui kama kuna tofauti.

Halafu kuna GTX 1650 iliyotoka 2020 ikiwa na memori ya GDDR6. Hiyo inapitisha GB 192 kwa sekunde, na pengo linazidi kupungua. Kwa hiyo muulize muuzaji: hii ni GDDR5 au GDDR6?

Sasa njoo kwenye umeme, pesa iko huku.

Ile nafasi unayochomeka kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75, basi. Ndio maana GTX 1650 nyingi zinachomekwa na kuwaka bila waya wa ziada. RX 570 lazima ipate waya wa pini 6 au 8 kutoka kwenye pawa saplai. AMD wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 450. Kwa GTX 1650, NVIDIA wanashauri 300.

Fungua sasa lile kasha ambalo wengi tunaliita CPU. Zile kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, pawa saplai zake mara nyingi ni za wati 240 mpaka 320, na waya wa kadi haumo kabisa. Ukinunua RX 570 unalazimika kununua na pawa saplai. Na kwenye Dell na HP nyingi za ofisini, plagi ya pawa saplai haifanani na zile za kawaida, kwa hiyo utatafuta na adapta. Kadi uliyoambiwa ni ya bei poa imeshapanda bei kabla haijawaka.

Na kama kasha ni lile jembamba la kulala, kadi ndefu haiingii. GTX 1650 fupi zipo madukani. RX 570 fupi mimi sijaikuta.

Tupige hesabu ya LUKU. Tofauti ni wati 75 kadi zikifanya kazi kwa nguvu. Kwa saa 10 ni yuniti 0.75. Mashine 4 ni yuniti 3 kwa siku. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, hizo ni yuniti 78. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa wewe. Hiyo ni pesa ya kila mwezi, sio ya mara moja.

Kuna kijana wa kibanda cha gemu alikuja na kompyuta 4 za ofisini, roho yake yote iko kwenye RX 570. Tulikaa, tukapiga hesabu ya pawa saplai 4 na adapta 4, akaona ile ni bei ya mashine ya tano. Akachukua GTX 1650.

Dada mmoja mhariri wa video alikuja na kasha kubwa, pawa saplai nzuri ya wati 500, waya zote zimo. Yeye nilimwambia achukue RX 570 ya GB 8. Video za 4K zinakula memori, na GB 8 zinampa nafasi ambayo GTX 1650 haina. Kadi ni zilezile, ila kila mmoja ana mashine yake na kazi yake.

Ukienda kununua, zingatia haya:

1. RX 570 nyingi za mtumba zilichimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zikamwagika sokoni. Sio zote mbovu, lakini sikiliza feni na angalia vumbi na kutu.

2. Ukiona "RX 580 2048SP", jua hiyo kiundani ni RX 570. RX 580 halisi ina viini 2,304. Usilipe bei ya 580.

3. Mwambie muuzaji afungue programu ya GPU-Z, ni ya bure. Linganisha na namba nilizokupa juu. Ikiandika neno FAKE, rudisha hela mfukoni.

4. Chezesha gemu nzito nusu saa hapohapo dukani. Vidoti vya rangi kwenye skrini, au mashine kujizima, ni dalili mbaya.

5. Dai risiti na siku za kujaribu nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, fungua kasha, piga picha ile lebo ya pawa saplai na nafasi ya kadi. Ukifika dukani onyesha hiyo picha kwanza, bei mtaongea baadaye.

Mdau, wewe mashine yako ina pawa saplai ya wati ngapi? Iandike hapo chini tusaidiane. 🙏